Wamekula sahani moja

Kuna habari niliiandika miaka mitatu iliyopita ambayo mpaka leo sijaimaliza. Gazetini iliisha, ilitoka ukurasa wa ndani na jina langu juu, na mama yangu akaikata akaihifadhi. Ninayoizungumzia ni sehemu ambayo haikutoka. Niliikata mwenyewe kabla hata mhariri hajaiona.

Nilikuwa na miezi michache tu kazini. Nikatumwa mkoani kuandika makala ya utapiamlo, zile zinazohitajika kila Agosti inapoanza na Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Mnazijua. Picha ya mtoto, takwimu mbili tatu, kauli ya ofisa lishe, halafu aya ya mwisho wazazi "wametakiwa" kuzingatia lishe bora. Kusema kweli ningeweza kuiandika bila kupanda basi.

Wodini nikamkuta bibi mmoja amekaa ukingoni mwa kitanda na mjukuu wake. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Miguu imevimba, uso umejaa kama wa aliyelia usiku kucha, nywele zimepauka zikawa na wekundu, ngozi ya mapaja inabanduka. Kwashakoo ya kitabuni kabisa. Chini ya kitanda kile kile, juu ya kanga, alikuwepo mtoto mwingine wa umri huo huo anagugumia kipande cha kiazi na kunichekea. Pacha wake. Kulwa ndiye aliyelazwa. Doto ameletwa kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia. Mama yao alikuwa nje anafua.

Nikauliza maswali yangu ya kujaza daftari. Mtoto anakula nini? Ugali, mboga, uji. Mara ngapi? Kama sisi tunavyokula. Maziwa? Bibi akanitazama tu. Ndipo naye akauliza lake, kwa ule upole wa wazee wanapotaka kukunasa:

"Mwanangu, wewe umesoma. Hawa nimewapokea siku moja. Wamenyonya ziwa moja, wanakula sahani moja, wanalala mkeka mmoja. Manesi wanasema mama yao hajui kulisha. Sasa huyu Doto anamlisha nani?"

Nikacheka kile kicheko cha mtu asiye na jibu, nikaandika swali lake, nikaaga. Usiku ule gesti, nikiwa na kompyuta mapajani, nikaona swali la bibi litaniharibia makala. Makala ilishakuwa na mwelekeo wake, nao ulikuwa elimu ya lishe kwa akina mama. Mtoto mmoja mgonjwa anaingia vizuri kwenye mwelekeo huo. Mtoto mmoja mgonjwa na mwenzake mzima hawaingii. Nikamwondoa Doto. Kichwa cha habari kilichotoka sitakirudia hapa, ila neno "uzembe" lilikuwemo.

Wodini pia lilikuwepo jibu jingine, na halikutoka kwa daktari. Mama wa kitanda cha jirani aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yule mtoto kabemendwa. Kwa wale mliokulia geti kali msioelewa: kubemenda mtoto ni imani kwamba mtoto anayenyonya hudhoofu kwa sababu wazazi hawakujizuia, au mmoja wao katoka nje, au mimba nyingine imeingia mapema. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanayo chirwa, na mzigo wake ni ule ule. Hata jina tunalodhani ni la kitaalamu lina harufu hiyo. Dk. Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast (Ghana ya leo), aliuandika ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akawaletea wenzake jina walilolitumia akina mama wenyewe kwa lugha ya Kiga, kwashiorkor. Ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa nafasi yake kwa sababu mdogo wake amekuja.

Nikiisoma makala yangu sasa naona nilichofanya. Yule mama wa kitanda cha jirani alisema mzazi kakosea chumbani. Mimi nikasema mzazi kakosea jikoni. Tofauti yetu ni kwamba mimi nina digrii.

Jibu la bibi, au tuseme nusu yake, nimekuja kulipata mwaka jana wakati natafuta kitu kingine kabisa mtandaoni. Na halikuwa mbali. Lilikuwa ng'ambo ya Ziwa Nyasa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis, Marekani, kundi la Jeffrey Gordon pamoja na daktari Mark Manary ambaye amefanya kazi Malawi miaka mingi, waliamua kufuatilia mapacha wa vijijini Malawi. Jozi 317, tangu wazaliwe hadi wafikishe miaka mitatu. Sababu ya kuchagua mapacha ni ile ile ya bibi: ziwa moja, sahani moja, mkeka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Science. Katika nusu ya jozi zile watoto wote wawili walikua salama. Katika asilimia 7 wote wawili walipata utapiamlo. Zilizobaki, asilimia 43, mmoja alidhoofu na mwenzake akabaki mzima.

Rudia hiyo asilimia 43. Bibi hakuwa ameona maajabu. Alikuwa ameona kitu cha kawaida kabisa, ambacho sisi wenye madaftari hatukuwa tumekiuliza. Na hata mapacha wa kufanana, waliotoka kwenye yai moja, waliachana vivyo hivyo, kwa hiyo damu na ukoo peke yake havitoshi kuwa jibu.

Watafiti wakaenda kuangalia mahali ambapo watoto wale wawili walitofautiana: tumboni, kwenye bakteria. Kila mmoja wetu amebeba matrilioni ya hao wadudu kwenye utumbo mpana. Hatuzaliwi nao. Tunawaokota njiani, kwa mama, kwa ziwa, kwa udongo, kwa mkono wa dada anayelisha uji. Katika miaka miwili mitatu ya kwanza wanajipanga hatua kwa hatua, wa maziwa wanatangulia, wa vyakula vigumu wanafuata. Wakishajipanga vizuri wanafanya kazi: wanavunja vyakula ambavyo sisi wenyewe hatuwezi kuvivunja, wanatengeneza baadhi ya vitamini, wanaifundisha kinga ya mwili nani rafiki na nani adui.

Jaribio lenyewe ndilo lililonifanya niweke simu chini. Wapo panya wa maabara wanaozaliwa na kukuzwa ndani ya mapovu ya plastiki yasiyoingia kijidudu hata kimoja. Matumbo yao ni matupu kabisa. Watafiti walichukua choo cha pacha mwenye kwashakoo wakakipandikiza kwa panya hao, na choo cha pacha mzima wakakipandikiza kwa wengine. Kisha wakawapa panya wote chakula cha Malawi: unga wa mahindi na mboga. Msosi wa bibi yule, kwa maneno mengine. Panya waliopokea bakteria wa mtoto mgonjwa wakakonda vibaya, wenzao hawakukonda hivyo. Na kuna kipande cha pili ambacho naona ni kikubwa zaidi: bakteria wale wa mtoto mgonjwa, panya akipewa chakula cha kawaida cha maabara, hawakuleta maangamizi hayo. Ilihitajika bakteria wabaya na chakula kibovu vikutane ndani ya tumbo moja.

Wakawapa panya wale karanga ya dawa, ile ya paketi inayotumika pia kwenye kliniki zetu, siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Wakapona, na bakteria wao wakaanza kujipanga upya. Wakarudishwa kwenye mahindi na mboga. Bakteria wakarudi nyuma. Kwa watoto wenyewe ilionekana hivyo hivyo: nafuu ya tumbo ilidumu wakati wa paketi, paketi zikiisha inaanza kupotea.

Yeyote aliyewahi kukaa na muuguzi wa wodi ya lishe anajua habari ya mtoto anayepona, anaruhusiwa, na kurudi. Tumezoea kusema kwamba mama akifika nyumbani anaanza kuziuza zile paketi au kuwagawia wakubwa. Wapo wanaofanya hivyo, sibishi. Lakini sasa tunajua mtoto anaweza kurudi nyuma hata kama mama alimpa kila tone.

Mwaka 2014 kundi lile lile la Gordon likishirikiana na kituo cha utafiti cha icddr,b cha Dhaka, Bangladesh, kwa Tahmeed Ahmed na wenzake, lilionyesha kitu kingine. Kwa kupima bakteria wa watoto wenye afya mwezi baada ya mwezi, waliweza kusema tumbo la mtoto lina "umri" gani. Watoto wenye utapiamlo mkali walikutwa na matumbo machanga kuliko umri wao. Matibabu ya kawaida yaliyakuza kwa muda, halafu yakabaki nyuma tena. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na miezi 18 kwenye kadi ya kliniki, na utumbo wa mtoto mdogo kuliko yeye.

Wakajiuliza kama kuna chakula ambacho hakimlishi mtoto peke yake, kinawalisha na wale bakteria waliobaki nyuma. Wakajaribu michanganyiko mingi kwa wanyama kwanza, kisha kwa watoto. Ulioshinda ni wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Naam, ndizi mbichi. Mwaka 2021 wakachapisha kwenye New England Journal of Medicine matokeo ya watoto wa Mirpur, mtaa wa watu wa hali ya chini jijini Dhaka, wa miezi 12 hadi 18 wenye utapiamlo wa wastani. Walilishwa kwa miezi mitatu, nusu mchanganyiko huo, nusu chakula cha nyongeza kilichozoeleka. Waliokula dengu na ndizi waliongezeka uzito kwa kasi zaidi, ingawa chakula chao kilikuwa na kalori pungufu. Watoto waliomaliza walikuwa 118 tu, na tofauti haikuwa ya kutisha, tusishangilie kama goli la dakika ya 90. Lakini ukitazama vizuri unaona hesabu tuliyofundishwa, kwamba lishe ni kalori ngapi zimeingia mdomoni, imekosa kitu.

Haya, sasa nijizuie. Najua nyie wasomaji wangu, na najijua mimi. Tukipata jibu moja jipya tunalifanya jibu la kila kitu. Sayansi ya lishe yenyewe ina ugonjwa huo. Kwa miaka mingi baada ya Cicely Williams dunia iliamini kwashakoo ni ukosefu wa protini na basi, mashirika ya kimataifa yakahubiri "pengo la protini", mpaka mwaka 1974 Donald McLaren akaandika kwenye Lancet kwamba jambo zima lilikuwa fiasko. Sitaki kesho bakteria wawe protini mpya.

Maana ushahidi wenyewe una mabonde. Chukua antibayotiki. Kama tatizo ni bakteria, si tuwaue? Malawi hiyo hiyo, mwaka 2013, jaribio la watoto 2,767 wenye utapiamlo mkali lilifanyika. Wote walipewa karanga ya dawa. Baadhi wakaongezewa antibayotiki kwa siku saba, wengine dawa bandia. Waliopata dawa bandia walikufa asilimia 7.4. Waliopata amoksilini asilimia 4.8, na waliopata sefidinia asilimia 4.1. Hapo ni maisha ya watoto wa kweli. Lakini Niger walipojaribu amoksilini, matokeo yakatoka 2016 kwamba haikuongeza idadi ya watoto waliopona. Kenya, watoto 1,778 waliotoka hospitali na utapiamlo mkali waliingizwa kwenye jaribio la kotrimoksazoli ya kila siku kwa miezi sita, na vifo havikupungua, hiyo nayo ni 2016. Na hapa kwetu, Haydom, mkoani Manyara, watoto 1,188 walifuatiliwa kwenye jaribio la kuwapa dawa za kusafisha vijidudu vya tumboni kabla hawajafikisha mwaka mmoja na nusu. Matokeo yalichapishwa 2021. Urefu wao haukubadilika.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyezoea kuingia duka la dawa na kusema "nipe amoksi ya mtoto", usinisome vibaya. Tumbo ni shamba. Ukimwaga dawa ya magugu bila kujua unaua nini, utaua na mahindi.

Wala sijasahau wale wa Instagram wanaouza chupa za "bakteria wazuri" kwa bei ya gunia la mchele. Nikiwaona huwa nawakumbuka wazee wetu na togwa. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa Tanzania, watoto wa chini ya miaka mitano walipewa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13, na bakteria wa kuharisha kwenye vyoo vyao wakapungua kuliko kwa wenzao waliokunywa uji usiochachuka. Togwa! Hakuna aliyeitengenezea chupa yenye kifuniko cha dhahabu. Sisemi togwa inatibu kwashakoo, haitibu. Nasema tu kwamba tuna tabia ya kutupa kitu jikoni na kukinunua tena kikirudi kwa ndege.

Bonde kubwa kuliko yote ni la vyoo. Kwa muda mrefu madaktari wamejua kwamba mtoto anayekulia penye kinyesi, cha watu na cha kuku, anameza kidogo kidogo kila siku mpaka utumbo wake mdogo unaharibika bila hata kuharisha. Ndani ya utumbo kuna vijidole vidogo mno vinavyonyonya chakula. Kwa watoto hawa vijidole vinasinyaa, ukuta unavuja, vijidudu vinapenya, na kinga ya mwili inakaa macho usiku na mchana ikitumia chakula ambacho kingejenga mfupa. Mtoto anakula, mwili unakitumia chakula kulipa walinzi.

Basi watu wakasema, tujenge vyoo, tuweke klorini kwenye maji, tugawe sabuni, watoto watarefuka. Magharibi mwa Kenya, kule Bungoma, Kakamega na Vihiga, wakafanya hivyo kwa maelfu ya familia, majibu yakatoka 2018. Zimbabwe wakafanya, majibu yakatoka 2019. Kote hakuna mtoto aliyerefuka kwa sababu ya choo na sabuni. Waliopewa chakula cha nyongeza ndio walioongezeka kidogo. Wapo waliofurahi kusikia hivyo, wakasema basi tuachane na vyoo. Mimi naisoma tofauti. Kilichojengwa kilikuwa choo cha shimo kilichoboreshwa na ndoo ya maji yenye kibomba. Uwanja ulibaki wa udongo, kuku wakabaki wanaingia ndani, mtoto akabaki anatambaa na kulamba vidole. Watafiti wenyewe walisema vijiji hivyo vinahitaji kitu kikubwa zaidi, maji ya bomba nyumbani na makazi yaliyo safi kweli kweli. Yaani kile ambacho wewe na mimi tunacho huku Sinza na ambacho hatukukiita "afua" tulipokipata. Tulikiita nyumba.

Hapo ndipo ninapoileta Iringa, ambayo inanikera kuliko yote. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ilikuwa asilimia 34 kwenye utafiti wa 2015 na 2016, kwa hiyo tunashuka. Lakini Iringa ni asilimia 57. Njombe na Rukwa ni nusu ya watoto wote. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi tunayokula Dar yanatoka huko, viazi vinatoka huko. Na Iringa ndiko Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikoendesha mpango wa lishe miaka ya 1980 ambao mpaka leo wanafunzi wa lishe duniani wanausoma darasani.

Kila takwimu hizi zinapotoka, ofisini kwetu unaandikwa mstari ule ule: "licha ya kuwa na chakula kingi, wananchi hawana elimu ya lishe." Nimeuandika mara mbili mwenyewe. Sisemi ni uongo mtupu. Akina mama wa kule wako shambani tangu alfajiri, mtoto anaachiwa uji wa mahindi na dada wa miaka saba, mayai yanauzwa. Kudumaa si sawa na kwashakoo, na sitathubutu kusema bakteria ndio sababu ya Iringa. Ninachokataa ni ule wepesi. Tunamtazama mama aliyezungukwa na mahindi na kuhitimisha kwamba kinachopungua ni akili yake. Watu wa Malawi walipokataa wepesi huo na kuuliza kwa nini Kulwa na si Doto, walikuta jambo ambalo mama hakuweza kuliona kwa macho, hakuweza kulinusa, na hakuna semina ingemwambia.

Na angalia bei ya jibu. "Elimu" ni rahisi. Ni vipeperushi, posho ya siku mbili na chai. Lakini ukikubali kwamba mtoto yule anahitaji dengu, karanga, ndizi na maziwa kwa miezi na miezi baada ya kutoka wodini, maji yanayofika nyumbani, sakafu isiyo ya kinyesi cha kuku, na mtu wa kumwangalia mama yake asilime akiwa na mimba ya miezi minane, hapo unazungumza bajeti. Ndiyo maana naona watu wazima kabisa wenye magari ya ofisi wanalipenda sana neno elimu. Linamwachia mama deni lote.

Hata maziwa ya mama yameingia kwenye hesabu hii. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa akina mama wa Malawi ukionyesha kwamba wale ambao watoto wao walidumaa sana walikuwa na upungufu wa aina fulani ya sukari kwenye maziwa yao, sukari ambayo mtoto mwenyewe haimeng'enyi, wanaoila ni bakteria wake. Sukari ya aina hiyo, iliyotolewa kwenye maziwa ya ng'ombe, ilipopewa wanyama wa maabara waliokuwa na bakteria wa mtoto aliyedumaa na lishe ya Malawi, walikua zaidi. Sasa mwambie mama huyo kwamba anyonyeshe kwa juhudi. Ananyonyesha. Kilichopungua kilipungua ndani yake kabla mtoto hajafika.

Kulwa aliruhusiwa baada ya wiki tatu. Hilo nalijua kwa sababu nilimpigia muuguzi wakati ule, nikihitaji mstari mmoja wa kufungia makala: "mtoto amepata nafuu na kurejea nyumbani." Ulitoka, ni mstari mzuri. Nyumbani kwenyewe ni kule kule, kwa bibi, kwenye sahani ile ile na ugali ule ule, na Doto akimsubiri. Mwezi uliopita nimepiga tena. Muuguzi yule amehamishwa, na aliyepokea simu hakuweza kunisaidia bila jina kamili, ambalo sikuliandika. Niliandika tu "mtoto, miezi 18."

Nimemwomba mhariri anirudishe kule. Akauliza habari mpya ni ipi. Nikamsomea swali la bibi kutoka kwenye daftari, neno kwa neno. Akakaa kimya, akasema niandike ukurasa mmoja wa maelezo, Jumatatu auone, na nisisahau kuweka gharama ya basi.